Ukocha wa besiboli vyuoni Marekani: kocha mkuu chuo kidogo, au msaidizi chuo kikubwa?

Anayetaka kuishi kwa ukocha wa besiboli katika vyuo vya Marekani hukutana mapema na uamuzi mmoja. Akiwa bado kijana, achukue timu ndogo ambayo yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho, au aingie kwenye benchi la chuo kikubwa na kushika kazi moja chini ya mtu mwingine? Njia zote mbili zimetoa mabingwa, ila zinafundisha mambo tofauti, na pengo linaloachwa na kila moja hujitokeza baada ya miaka kumi, wakati kuliziba kumekuwa ghali.

Tuanze na waliofanikiwa. Mike Martin alisaidia Florida State, chuo alichochezea mwenyewe, kuanzia 1975, akakabidhiwa timu mwaka 1980 na kubaki hapo hadi 2019. Aliondoka na ushindi 2,029, ambao hakuna kocha wa besiboli ya vyuo aliyewahi kuufikia. Timu zake zilifika Omaha, mji unaochezewa fainali za ubingwa wa vyuo, mara 17 bila kutwaa ubingwa hata mara moja. Tony Vitello alikuwa msaidizi Missouri, kisha TCU, kisha Arkansas, takribani miaka 15 kwa jumla, na hakuwahi kuwa kocha mkuu mahali popote hadi Tennessee ilipomchukua mwaka 2017. Mwaka 2024 alitwaa ubingwa, na Oktoba 2025 San Francisco Giants, timu ya kulipwa ya ligi kuu, wakampa kazi ya umeneja, yaani ukocha mkuu, ingawa hakuwahi kucheza wala kufundisha katika besiboli ya kulipwa.

Upande wa pili yupo Pat Casey, aliyeanzia George Fox, chuo kidogo cha Oregon, mwaka 1988. Alihamia Oregon State kwa msimu wa 1995, na ilimchukua miaka kumi kuipeleka timu hiyo kwenye mashindano ya taifa. Alipofika akatwaa makombe matatu: 2006, 2007 na 2018. Wayne Graham alifundisha sekondari za Houston kwa muongo mmoja, akaenda San Jacinto, chuo cha miaka miwili, akabeba mataji matano ya taifa ya ngazi hiyo. Rice walimwajiri akiwa amepita miaka 55, na mwaka 2003 akawapa ubingwa.

Ukizitazama rekodi kwa makini utaona njia ya tatu, ambayo vijana wengi huikwepa kwa sababu inafanana na kushushwa cheo. Tim Corbin alikuwa kocha mkuu wa Presbyterian College kuanzia 1988, akaacha kiti hicho akawe msaidizi Clemson kwa miaka tisa, ndipo Vanderbilt wakamwita (mabingwa 2014 na 2019). Jay Johnson aliongoza Point Loma Nazarene msimu mmoja, akaenda San Diego kama msaidizi, kisha akapanda Nevada, Arizona na LSU (Louisiana State), ambako ametwaa ubingwa wa 2023 na wa 2025. Wote wawili waliongoza timu ndogo kwanza, wakakubali kurudi chini kujifunza ukubwa, halafu wakapanda tena. Kwa asiyekuwa nyota alipokuwa mchezaji, huu ndio mpango wenye mantiki kuliko yote, na hoja zinazofuata zimejengwa juu yake.

Ngazi zenyewe

NCAA ndicho chama kikubwa cha michezo ya vyuo Marekani, na kina divisheni tatu. NAIA ni chama kingine, cha vyuo vidogo zaidi, na NJCAA ni cha vyuo vya miaka miwili.

| Ngazi | Mechi za msimu (kikomo) | Ufadhili wa michezo kwa timu |
|---|---|---|
| NCAA Divisheni I | 56 | hadi 34 kwa vyuo vilivyojiunga na utaratibu wa 2025, vingine 11.7 |
| NCAA Divisheni II | 50 | 9 |
| NCAA Divisheni III | 40 | hakuna |
| NAIA | 55 | 12 |
| NJCAA Divisheni I (vyuo vya miaka miwili) | 56 | 24 |

Namba za ufadhili ni nafasi kamili, ambazo kocha anaweza kuzigawa kwa mafungu kati ya wachezaji, nazo ni kikomo cha sheria. Chuo kinaweza kuruhusiwa nafasi 9 kikawa na fedha za nafasi 3 tu, na hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza kwenye usaili. Tofauti ya chuo chenye 9 kamili na chenye 3 ndani ya Divisheni II ni kubwa kuliko tofauti ya Divisheni II na NAIA. Divisheni III ndiyo yenye timu nyingi kuliko zote, kwa hiyo ndiko nafasi za kocha mkuu hupatikana kwa wingi. Divisheni I ina timu karibu 300.

Kazi ya kila siku

Kocha mkuu wa chuo kidogo ndiye mpangaji wa safari na mwagizaji wa mipira, mara nyingi ndiye dereva wa basi dogo, na karibu kila mahali ndiye mtunza uwanja. Vyuo vingi vya Divisheni III humpa na kazi ya pili kwenye mkataba: kufundisha somo la elimu ya viungo, kusimamia ukumbi wa mazoezi, au kukaa ofisi ya udahili. Mkataba ukisema «majukumu mengine kadiri yatakavyopangwa», uliza ni yapi na ni saa ngapi kwa wiki, hasa kati ya Februari na Mei.

Uwanja peke yake ni somo. Kilima cha mrushaji kinatakiwa kiwe sentimita 25.4 juu ya usawa wa bamba la mpigaji, na umbali kutoka kibao anachokanyaga mrushaji hadi ncha ya nyuma ya bamba hilo ni mita 18.44. Mteremko unaanza sentimita 15 mbele ya kibao cha mrushaji na kushuka sentimita 2.5 kwa kila sentimita 30. Kila mechi, mguu wa mbele wa mrushaji huchimba shimo palepale unapotua. Asiyejua hulijaza udongo mkavu na kulisawazisha kwa reki. Udongo ule haushiki, na kufikia inningi (awamu ya mchezo) ya tatu umeshatoka wote, mrushaji anatua kwenye bonde, bega linafunguka kabla ya wakati na mipira inapaa juu. Namna sahihi ni kufagia vumbi lote, kulowesha shimo, kulikwaruza ili lishike, kuweka udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kwa tabaka nyembamba, kushindilia kila tabaka, kisha kufunika kwa turubai dogo usiku kucha. Chuo kikubwa kina mafundi wa hilo, na msaidizi wa LSU anaweza kumaliza kazi yake yote bila kushika kishindilio. Akija kupewa timu isiyo na mafundi, mwaka wake wa kwanza ataumalizia uwanjani na koleo.

Msaidizi wa chuo kikubwa ana eneo lake, na analijua kwa kina ambacho kocha wa chuo kidogo hana muda nacho. Kocha wa warushaji hukaa na vipimo vya TrackMan au Rapsodo vinavyomwonyesha mzunguko wa mpira, urefu wa mkono unapoachia, na mpira umepinda sentimita ngapi. Hupanga wiki ya kila mkono: anayeanza Ijumaa akitupa mipira 90 hadi 100 hapandi tena kilimani kwenye mechi hadi Ijumaa inayofuata, na katikati ya wiki hutupa kikao kimoja kifupi cha mipira takriban 30. Mechi ni tatu mwishoni mwa wiki, na kwa kawaida moja Jumanne. Anahitaji waanzishaji (warushaji wanaofungua mechi) watatu wa uhakika, wa nne wa Jumanne, na wa akiba wanaoweza kurudi baada ya siku moja.

Vyuo vya miaka miwili vinakuletea hesabu ngumu zaidi. Ligi nyingi hucheza mechi nne kwa siku mbili, inningi 7 na 9 kila siku. Waanzishaji ni wanne si watatu, na kocha mwenye wawili tu wazuri hushawishika kumrudisha wa Ijumaa aje kufunga mechi ya Jumamosi jioni. NCAA haina kikomo cha idadi ya mipira, hivyo hata ukipanda ngazi hakuna sheria itakayokuzuia kufanya kosa hilohilo. Likifika kwenye kiwiko na kano ya ndani ikakatika, mchezaji anakaa nje miezi 12 hadi 18, na mwaka unaofuata kila kocha wa sekondari katika jimbo lako anajua ni timu gani inaumiza mikono.

Kusaka wachezaji

Hapa ndipo kocha wa chuo hufaulu au huangukia, na ndipo ngazi zinapotofautiana kuliko mahali pengine popote.

Divisheni I, kocha haruhusiwi kumpigia simu mwanafunzi hadi Agosti 1 kabla hajaanza darasa la 11. Msaidizi mwenye dhamana ya kusaka hutumia kiangazi chote kwenye mashindano, akiangalia vijana wa miaka 16 na kubashiri watakuwaje wakiwa na 20. Anahitaji jicho na mtandao wa simu. Vitello alijijengea jina kwenye kazi hiyohiyo kabla hajawa kocha mkuu. Tangu mfumo wa uhamisho ulegezwe, kazi imegawanyika mara mbili, kwani dirisha likifunguliwa kocha anachagua watu wazima waliokwisha kuthibitika kwingine, na ana siku chache za kuamua. Hesabu ya pesa nayo imebadilika. Kuanzia Julai 1, 2025, chuo kilichojiunga na makubaliano mapya ya NCAA hakiruhusiwi kuwa na wachezaji zaidi ya 34, na kinaweza kuwafadhili wote kikiwa nazo. Zamani 11.7 ziligawanywa kwa wachezaji 27, kila mmoja asiopungua robo, na kocha asiyejua hesabu za mafungu hakufika mbali.

Divisheni II na NAIA ustadi wa mafungu bado ndio kila kitu. Chukua nafasi 9 kwa wachezaji 36: wastani ni robo kwa kila mmoja. Ukimpa mrushaji mmoja asilimia 75, umekula mafungu ya watatu. Akiumia Machi, fedha haziwezi kurudi mwaka huo. Walio waangalifu huweka sehemu kubwa kwa wadakaji, wachezaji wa katikati ya uwanja na warushaji wawili watatu, huku waliobaki wakisaidiwa kwa misaada ya masomo yenye alama nzuri, isiyohesabiwa kwenye kikomo. Ndiyo maana kocha mjanja wa ngazi hii huuliza alama za darasani kabla hajauliza kasi ya mpira.

Divisheni III hakuna dola ya michezo kabisa, na wageni wengi huvunjika hapo. Kocha anashawishi kwa elimu, kwa muda wa kucheza, na kwa subira. Utaratibu wa kawaida kwenye vyuo vyenye masharti makali ni kupeleka alama za kijana ofisi ya udahili mapema kiangazi, ipate kusema kama anaweza kukubaliwa, ndipo kocha aendelee naye. Kinachoharibika mara nyingi ni malipo: familia inapenda chuo, kijana anapenda timu, barua ya msaada inafika Machi na pengo ni kubwa, na kocha hana namna ya kuliziba. Dawa ni kuwaomba wazazi wajaze kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti ya chuo (kila chuo kinachopokea misaada ya serikali kuu lazima kiwe nacho) kabla ya ziara ya pili. Ukigundua Oktoba kwamba hawawezi, unahamisha nguvu kwa mwingine. Ukigundua Aprili, wiki chache kabla ya siku ya kuthibitisha Mei 1, umebaki na pengo.

Chuo cha miaka miwili kinageuza timu nusu kila mwaka. Ukiwa na wachezaji 40, unatafuta wapya 20, kila kiangazi, milele. Wengine unawapoteza Julai kwa usajili wa besiboli ya kulipwa, maana mchezaji wa ngazi hii anaweza kuchaguliwa mwaka wowote, wakati wa chuo cha miaka minne husubiri mwaka wa tatu au afikishe miaka 21. Huko, mafanikio ya kocha hupimwa pia kwa idadi ya vijana aliowapeleka vyuo vya miaka minne. Faida yake ni kasi: kwa miaka mitatu utakuwa umefanya uamuzi mwingi wa kusajili kuliko msaidizi wa Divisheni I kwa miaka saba. Graham hakufika Rice akiwa mgeni wa kutambua vipaji. Roger Clemens na Andy Pettitte walipita mikononi mwake San Jacinto.

Fedha na usalama wa kazi

Juu kabisa pesa ni nyingi kiasi kwamba mantiki ya zamani imegeuka. Wes Johnson alikuwa kocha wa warushaji wa Minnesota Twins, ligi kuu kabisa, akaacha katikati ya msimu Juni 2022 kwenda kushika kazi ileile LSU. Mwaka mmoja baadaye Georgia wakamfanya kocha mkuu. Chini, mshahara wa kocha mkuu wa Divisheni III au chuo cha miaka miwili unakaribia wa mwalimu, na kambi za vijana za kiangazi huongeza kiasi. Soma mkataba uone kambi hizo ni mali ya nani: yako, au ya chuo kinachokupa asilimia.

Msaidizi wa Divisheni I alikuwa na hali mbaya zaidi hadi Julai 1, 2023, kwa sababu nafasi moja kati ya tatu za wasaidizi ilikuwa ya kujitolea kisheria. Sasa wote watatu wanaruhusiwa kulipwa. Kuruhusiwa si kulazimishwa, hivyo chuo kidogo cha Divisheni I kinaweza kukutangazia nafasi ya tatu yenye mshahara usiolipa hata kodi ya nyumba.

Usalama unategemea nani yuko juu yako. Kocha mkuu akifukuzwa, kwa kawaida benchi lote huondoka, hata msaidizi aliyefanya kazi nzuri. Naye kocha mkuu hulindwa na makombe kwa muda tu: Augie Garrido alikuwa na mataji matano na ushindi zaidi ya 1,900 Texas walipomwondoa kwenye kiti mwaka 2016 baada ya msimu mbaya, na Rice hawakumwongezea Graham mkataba mwaka 2018.

Vyuo vidogo vina rekodi nyingine. Don Schaly alikaa Marietta, Ohio, Divisheni III, tangu 1964 hadi 2003, akishinda mechi 1,442 na mataji matatu. Ed Cheff alikaa Lewis-Clark State, Idaho, kuanzia 1977 hadi 2010, akabeba mataji 16 ya NAIA. Hawa hawakukwama huko kwa kukosa pa kwenda. Walichagua kazi ambayo mtu anaweza kuifanya hadi anastaafu, kwenye mji mmoja, watoto wakisoma shule moja. Anayeihesabu kazi ya Cheff kuwa ndogo kuliko ya kocha aliyefika Omaha mara mbili na kufukuzwa hajui kuhesabu.

Nani achague nini

Chukua chuo kidogo kwanza kama hukuwa mchezaji mwenye jina, kama unataka kujua kuendesha mchezo mzima, na kama unaweza kuishi na mshahara mdogo kwa miaka mitano. Kati ya vidogo, chuo cha miaka miwili kinamfaa mwenye jicho la vipaji na asiyechoka kusaka. Divisheni III inamfaa anayependa kufundisha na anayestahimili barua za udahili. NAIA na Divisheni II zinamfaa mwenye kichwa cha hesabu. Weka lengo: ukishashinda ligi yako mara mbili na wachezaji uliowaleta wewe, ndipo ufikirie usaidizi wa ngazi ya juu.

Ingia chuo kikubwa moja kwa moja kama una utaalamu mmoja unaoonekana, hasa warushaji na vipimo vyao, na kama kocha mkuu uliyempata ana historia ya wasaidizi wake kupandishwa. Hilo la pili lina uzito kuliko jina la chuo. Angalia wasaidizi watano waliopita wako wapi leo. Kama wote bado ni wasaidizi, umeshapata jibu.

Mlango wa kwanza kwa wote ni ileile kazi ya msaidizi mwanafunzi: unasoma shahada ya uzamili, chuo kinakulipia ada au sehemu yake, nawe unafanya kazi ya ukocha. Kiangazi ufundishe kwenye ligi za wanafunzi kama Northwoods au Cape Cod, na Januari uhudhurie mkutano wa ABCA, chama cha makocha wa besiboli Marekani, ambako makocha wakuu huzungumzia nafasi kabla hazijatangazwa. Kwa Divisheni I na II utafanya pia mtihani wa kila mwaka wa sheria za kusaka wachezaji.

Njia hiyo ya uzamili ndiyo pia iliyo wazi zaidi kwa aliye Afrika Mashariki. Uganda ilikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za Little League, besiboli ya watoto, huko Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012, kwa hiyo uzoefu wa kufundisha Kampala si kitu cha kuficha kwenye wasifu. Andika umri wa wachezaji, idadi yao na ulichofanya. Viza ya F-1 inaruhusu kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, na ukocha msimuni huzidi hapo kirahisi, kwa hiyo mpango wa saa uandikwe na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya Februari. Baada ya masomo, vyuo havibanwi na kikomo cha mwaka cha H-1B, lakini ombi la kocha hukwama pale chuo kinaposhindwa kuonyesha kwamba kazi inahitaji shahada ya fani mahususi. Uzamili wa sayansi ya michezo au elimu ya viungo husaidia hapo kuliko uzamili wa biashara.

Kabla ya kutia saini popote, pata majibu ya maandishi kwa haya: ufadhili uliopo kwa dola, si kwa kikomo; nani anatunza uwanja; bajeti ya safari ya mapumziko ya Machi, ambayo timu za kaskazini haziwezi kuikwepa kwa sababu ya theluji; idadi ya wasaidizi wanaolipwa; na fidia pande zote mbili, yaani chuo kitakulipa nini kikikuondoa, na wewe utalipa nini ukiitwa kwingine.